Kahawa Haina Kinywa

Mazungumzo kwa wenyeviti, makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi



Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo inafaa sana katika gulio la kijijini, ambako mnunuzi huushika mkungu wa ndizi kwa mikono yake na kumjua aliyeupanda. Gunia la kahawa la kilo 60 halina bahati hiyo. Likishatoka ghalani huvuka bahari, kahawa yake ikachanganywa na ya nchi nyingine, na mwenye kuinywa asijue kama ilitoka mlimani au bondeni. Kahawa haina kinywa. Isiposemewa na mwenyewe, husemewa na mwingine, na huyo mwingine ndiye avunaye faida ya maneno.

Jambo hili lina uzito kwa mkulima kwa sababu ya bei. Hadi Julai 1989, Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulizigawia nchi mafungu ya mauzo, na mafungu hayo yaliikinga bei. Yalipovunjika, bei ilianguka vibaya. Tangu hapo bei ya arabika hufuata soko la New York na ile ya robusta soko la London, na chama cha msingi hakina sauti huko. Hata hivyo, kando ya soko hilo kuu kuna masoko madogo maalumu: watu wanaotaka kahawa ya mlima fulani, au iliyolimwa bila dawa za viwandani, au iliyotoka katika chama kinachomlipa mkulima kwa haki. Wateja hao ni wachache, lakini wako radhi kulipa zaidi wakijua wanalipia nini. Kazi ya picha, sauti na filamu ni kuwajulisha hilo.

Upo mfano wa karibu. Nchini Japani, jina la Kilimanjaro lina heshima kubwa kwa wanywaji wa kahawa. Chanzo cha heshima hiyo mara nyingi hutajwa kuwa filamu ya Marekani ya mwaka 1952, iliyotokana na hadithi ya Ernest Hemingway kuhusu theluji ya mlima huo. Wakati huo KNCU, iliyoanzishwa mwaka 1933, ilikuwa imekwisha kuuza kahawa ya wanachama wake kwa karibu miaka 20. Lakini filamu hiyo haikutungwa na wakulima, wala haikuhusu kilimo chao. Matokeo yake ni kwamba huko Japani jina la Kilimanjaro limetumika hata kwa arabika ya sehemu nyingine za Tanzania, mbali kabisa na mlima wenyewe. Sifa ilikuja kama mvua: ilinyesha kwa wote, lakini hapakuwa na mfereji uliochimbwa wa kuyaleta maji kihambani.

Wakulima wa Kolombia walichimba mfereji wao wenyewe. Shirikisho lao la kitaifa, lililoundwa mwaka 1927, mwishoni mwa miaka ya 1950 liliagiza wataalamu wa matangazo wa New York wabuni mtu wa kuisemea kahawa yao. Akazaliwa Juan Valdez, mkulima mwenye sharubu, kofia pana na nyumbu wake Conchita. Mtu huyo alikuwa wa kubuniwa, na kila mtu alilijua hilo. Lakini kazi aliyoionyesha, ya kuchuma tunda moja moja kwa mkono mlimani, ilikuwa kweli tupu. Kwa magazeti na televisheni Wamarekani wakafundishwa kuitafuta kahawa ya Kolombia kwa jina. Jambo kubwa zaidi ni kwamba alama hiyo ilikuwa mali ya shirikisho. Hivyo, mwaka 2002 ulipofika, shirikisho liliweza kufungua mikahawa kwa jina hilo hilo.

Wahabeshi nao waliona kwamba hadithi bila hati ya umiliki ni nyumba bila mlango. Mwaka 2006 filamu iitwayo Black Gold ilimfuata Tadesse Meskela, kiongozi wa chama kikuu cha ushirika wa kahawa cha Oromia, akiwatafutia wakulima bei bora. Watazamaji wa ng'ambo wakaiona tofauti kati ya bei ya kikombe na malipo ya mchumaji. Wakati huo huo serikali ya Ethiopia ilikuwa ikidai haki ya majina Sidamo, Harar na Yirgacheffe kama alama zake za biashara. Baada ya mvutano, kampuni ya Starbucks ilifikia makubaliano na nchi hiyo mwaka 2007.

Pengine mjumbe atasema kwamba hayo ni mambo ya mashirikisho na serikali, na chama chake kina wanachama mia chache tu. Basi na atazame Uganda. Mwaka 2004, vijijini karibu na Mbale, J. J. Keki aliwakusanya majirani zake Wayahudi, Waislamu na Wakristo, wakaunda chama cha kahawa wakakiita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Wakulima hao walikuwa na nyimbo zao kuhusu kahawa, ushirika na ujirani mwema. Nyimbo hizo zilirekodiwa, na mwaka 2013 zikatolewa katika albamu ya Smithsonian Folkways huko Marekani, nchi ile ile iliyokuwa ikinunua kahawa yao. Hawakuazima hadithi ya mtu. Walirekodi kilichokuwa kikiimbwa kijijini.

Kutokana na mifano hiyo, kamati inayotaka kuanza haina budi kuzingatia mambo manne.

Kwanza, kumjua anayeambiwa. Mkaangaji huuliza shamba liko mwinuko gani, ni aina gani ya mibuni, kahawa ilimenywa na kuanikwa vipi, na waonjaji walisema nini. Mnywaji huuliza ni nani aliyeilima na alilipwaje. Mkaangaji apewe karatasi moja yenye majibu kamili pamoja na sampuli. Mnywaji apewe picha na sauti ya mkulima.

Pili, kufuata mwaka wa shamba. Simu moja ya mkononi yenye kamera yatosha kwa kuanzia. Katibu au kijana aliyeteuliwa apige picha wakati wa maua, wakati wa kuchuma, kwenye mtambo wa kumenyea na kwenye vichanja vya kuanikia. Filamu ya dakika mbili, mkulima akisema kwa lugha yake na tafsiri ikiandikwa chini, hushinda hotuba ndefu ya kiongozi.

Tatu, kusema kweli. Picha ya chama kimoja isibandikwe kwenye gunia la chama kingine, wala kahawa iliyochumwa mbichi isisifiwe kuwa ni mbivu. Mteja wa soko maalumu hununua imani kabla ya kununua kahawa, na akidanganywa mara moja hugeukia mlima mwingine. Hadithi humleta mteja mara ya kwanza. Mizani, usafi na kikombe ndivyo vinavyomrudisha.

Nne, kulinda mali ya chama. Mwanachama aombwe ridhaa kabla ya kupigwa picha, na ridhaa hiyo iandikwe. Mkataba na mnunuzi useme picha na jina la chama vitatumiwa wapi na hadi lini. Aidha, liwepo daftari: ni nani aliyeona habari akaomba sampuli, ni nani aliyenunua, na bei yake ilizidi ile ya mnada kwa kiasi gani. Watazamaji elfu kumi wasioagiza hata kilo moja hawamlipii mtoto karo. Ziada itakayopatikana isomwe mbele ya mkutano mkuu, kwa kuwa uso ulioiuza kahawa ni wa mwanachama, na si wa kamati.

Ndugu wajumbe, methali ya wahenga haijatanguka. Chema chajiuza pale kinapoonekana, na gunia lililofungwa halionekani. Kazi ya chama ni kulifungua mbele ya macho ya aliye mbali, kumwonyesha kilichomo bila kuongeza wala kupunguza, na kuhakikisha kwamba jina lililoandikwa juu yake ni la wale walioijaza kahawa hiyo kwa mikono yao.