Baiskeli na Mpandaji Wake: Maneno kwa Wakazi wa Mpakani



Jina la bodaboda lilizaliwa huku mpakani miaka ya 1960, vijana walipovusha abiria kwa baiskeli. Kwa hiyo sikuja kuwafundisha baiskeli. Nimekuja kuzungumzia zile ambazo mpandaji wake huketi chini.

Ulaya ziko baiskeli ambazo mtu huegemea kitini kama aliye barazani, miguu ikitangulia mbele. Zina mbio: mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure aliendesha moja kilomita 45 na ushei kwa saa moja, akavunja rekodi, mwaka uliofuata chama cha kimataifa cha mchezo huo kikazikataa mashindanoni. Ya magurudumu mawili hutaka njia laini. Ya matatu humfaa mzee au mwenye maumivu ya mgongo, kwani haianguki ikisimama. Mlimani zote ni nzito, maana mpandaji hawezi kusimama juu ya pedali.

Jamaa yake hapa kwetu ni ile ya magurudumu matatu izungushwayo kwa mikono, inayovusha bidhaa Busia kila siku. Katika nyingi, gurudumu la mbele ndilo livutalo na ndilo liongozalo. Mwenye bidhaa akirundika magunia nyuma ya kiti, gurudumu hilo huwa jepesi. Penye matope huzunguka bure, na usukani hautii. Mimi niliomba kuijaribu moja, tena bila mzigo. Mikono ilinichoka kabla sijamaliza mita 200. Tangu siku hiyo naitazama kazi ya ndugu hawa kwa jicho jingine.

Mwenye mabega yenye nguvu hutosheka na kiti kifupi. Asiyeweza kukishikilia kiwiliwili chake anahitaji egemeo refu na mkanda. Fundi na ampime mtu kabla ya kuchomelea chuma, kama mshonaji apimavyo kabla ya kukata kitambaa.

Sasa niseme kama askari. Dereva wa trela huketi juu sana, na kitu kifupi kilicho karibu na pua ya lori hakioni. Foleni ikisimama, mpandaji akipenya mbele yake, dereva huondoka akidhani njia ni nyeupe. Naomba kila baiskeli ya chini ifungwe ufito wenye kitambaa chekundu, mrefu kupita kichwa cha mtu aliyesimama, na vibao vya kung'aa nyuma na ubavuni. Barabara ya Jinja–Tororo ndani ya msitu wa Busitema giza huwahi. Jua likizama, msiipite. Nanyi madereva, kabla ya kuondoka kwenye foleni, utingo ashuke atazame mbele.

Wenye bidhaa, msiwatumie ndugu hawa kufichia magendo chini ya kiti. Mzigo ukikamatwa ninyi hutoweka. Yeye hubaki kituoni, na baiskeli iliyozuiliwa pamoja na mzigo ndiyo miguu yake ya kumrudisha nyumbani.

Mafundi wako nje, chini ya mwembe. Leteni baiskeli zenu. Tutaanza na breki.