Karatasi zetu zilale wapi? Juu ya disiki ya pili ya ordinatere ya chama

Maneno ya komite ku mukutano wa wanamemba, hapa Likasi



Leo tunataka kuzungumuza juu ya kitu kidogo sana. Upana wake ni santimetre 2 na kidogo, urefu wake santimetre 8. Kinaweza kulala ndani ya kiganja cha mutoto. Lakini tunataka kuweka ndani yake karatasi za familia zetu zote. Njo maana tunaomba musikilize vizuri, hata ninyi wenye hamujagusa ordinatere hata siku moja.

Munajua wote mambo yenye ilipita. Mu 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa hapa Likasi na kule Kolwezi. Wengi walilala wiki na miezi ku gare, wakingojea treni ya kwenda Kasai. Ku gare mutu habebe kabati. Anabeba mutoto, sufuria na blanketi. Karatasi zilibaki mu nyumba, ao zililowana na mvua, ao zilipotea mu njia. Wakati tulirudia, kila mulango wenye tulipiga hodi, ulizo lilikuwa moja tu: "Karatasi iko wapi?" Karatasi ya kiwanja, karatasi ya kazi ya Gécamines ao ya SNCC, karte ya ubatizo, diplome. Mutu mwenye hana karatasi anakuwa mugeni ku mulango wa nyumba yake mwenyewe.

Juu ya ile, chama kilianza kupiga picha karatasi za kila memba, na kurekodi wazee wenye bado wanakumbuka nani alikuwa jirani ya nani, na mupaka wa kiwanja ulipita wapi. Kazi yote ile iko ndani ya ordinatere yenye rafiki mumoja alitupatia.

Wengine kati yenu mulicheka: "Biro ya chama na ordinatere ya kucheza michezo, wapi na wapi?" Ni kweli, ilitengenezwa kwa ajili ya vijana wenye wanacheza. Iko nzito, na ventilatere zake zinapiga kelele. Lakini ordinatere za namna ile, mara mingi ziko na nafasi ya pili ya disiki, yenye inabaki wazi tangu fabrike. Yetu iko nayo. Disiki ya kwanza iko na giga 512, na sasa inakaribia kujaa. Tunataka kuongeza ya tera moja, ni kusema giga 1000.

Mama mumoja aliuliza: "Juu ya nini musifute vya zamani?" Ulizo lake ni zuri. Tufanye hesabu. Picha ya karatasi moja inakula mega mbili ao tatu. Sauti ya saa moja inakula karibu mega 60. Ile ni kidogo. Vidéo njo inakula: saa moja ya vidéo ya telefone inaweza kumaliza giga kadhaa. Lakini muzee akionyesha kwa kidole fasi mwembe wa baba yake ulisimama, sauti peke yake haitoshe. Na wamoja kati ya wazee wale wamekwisha kutuacha. Hatuwezi kuwafuta.

Sasa kazi yenyewe. Si uchawi. Ya kwanza, kuangalia mu kitabu cha ile ordinatere ni disiki ya namna gani inaingia. Kuko za NVMe na kuko za SATA. Kwa macho zinafanana, lakini nafasi ingine inakubali moja na kukataa ingine. Mwenye kununua bila kuangalia anaweza kutupa feza. Kiisha tunazima ordinatere kabisa, tunachomoa chaja, tunatosha vise za chini na turnevisi ndogo. Tunagusa kwanza chuma ili umeme wa mwili utoke. Tunachomoa waya wa batri. Batri za namna ile, mara mingi kobalti iko ndani. Wazee wa Shituru, kazi ya mikono yenu inatumika hata hapa! Disiki inaingia kwa mushazari, inalazwa pole pole, inafungwa na vise moja. Na kwa sababu kifuniko kimekwisha kufunguka, tunapangusa vumbi nyekundu ya kwetu ku ventilatere. Tukiwasha, Windows haitaonyesha disiki mupya mara moja. Inaomba kwanza kuitayarisha na kuipatia jina. Saa moja inatosha.

Lakini sikilizeni hapa, juu njo neno kubwa la leo. Disiki ya pili inatupatia nafasi. Haitupatie usalama. Disiki mbili ndani ya ordinatere moja ni kama kuficha feza mu mifuko miwili ya suruali moja: mwivi akibeba suruali, vyote vinaenda. Moto ni vile vile. Kwa hiyo lazima kuwe kopi ya tatu, ku disiki ya inje, mu nyumba ingine, mu kartie ingine. Kila mwisho wa mwezi inaletwa, inaongezewa vitu vipya, inarudishwa.

Na kuko neno la pili. Ndani ya disiki ile kuko majina, asili ya kila familia, na fasi kila mutu anakaa. Sisi tunajua kile liste ya namna ile inaweza kufanya mu mikono mibaya. Kwa hiyo disiki zote, ya kwanza, ya pili na ya inje, zitafungwa na kifungo cha siri. Ku Windows Pro kinaitwa BitLocker. Kinatoa namba 48 za kufungulia siku mutu amesahau neno la siri. Namba zile zitaandikwa ku karatasi mbili, mu bahasha mbili, kwa watu wawili wenye mukutano huu utachagua. Komite peke yake haiwezi kushika ufunguo wa nyumba za watu wote.

Juu ya feza: kase ya matanga na magonjwa hatutaigusa, hata franka moja. Disiki ya ndani tutainunua na muchango wenye marafiki walitoa kwa ajili ya biro. Yenye inakosa ni ile ya inje. Ninyi wenye munatusaidia kutoka mbali, musitume ordinatere ingine. Ile disiki moja inatosha.

Na ninyi wanamemba, yeyote mwenye karatasi yake haijapigwa picha, ailete. Hata kama imepasuka, hata kama imeliwa na mende. Kitu kimoja cha kukumbuka: picha haichukue nafasi ya karatasi yenyewe. Ile muirudishe ku nyumba, muifunge mu sashe, muiweke fasi yenye munaweza kuifikia hata usiku.

Sasa tuchague wale watu wawili.