Bima ya Uzazi kwa Mama Asiye na Mwajiri

Wewe unayeuza mboga au kushona nguo, huna mwajiri wa kukukatia bima. Kadi ya zamani ya NHIF haitumiki tena; tangu Oktoba 2024 bima ni ya SHA. Bonyeza *147# ujiandikishe, ujibu maswali kuhusu hali ya nyumba yako, nawe utaambiwa mchango wako. Wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini asiye na mshahara hutozwa wa mwaka mzima: 3,600. Hapo ndipo akina mama hukwama. Mtu amejiandikisha, hajalipa, na uchungu umeanza! Jina tu halilipii kujifungua, sembuse upasuaji. Kwa hivyo anza mimba ikiwa changa. Ukiweka kando shilingi 20 kila jioni, siku ya 180 utakuwa nazo zote.