Baada ya Kiharusi: Kujifunza Kuishi Upya

Haya ni mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wagonjwa wa kiharusi, walezi wao na wahamasishaji wa afya ya jamii, katika maadhimisho ya Siku ya Kiharusi Duniani, tarehe 29 Oktoba.



Daktari aliyenitangulia ameshaeleza kinachotokea mwilini, kwa hivyo nitarudia kidogo tu kwa faida ya aliyechelewa. Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika sehemu fulani ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umezibwa na damu iliyoganda, ama kwa sababu umepasuka. Kisababishi kikuu ni shinikizo la damu lisilodhibitiwa. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, maneno yakianza kuvurugika, hiyo ni dharura. Mgonjwa apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo, si kesho asubuhi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu za kwanza, na kila dakika inayopita ubongo unazidi kuumia.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuandika na kutangaza habari za kaunti. Nilichoombwa kuzungumzia ni kile kinachobaki mgonjwa akisharuhusiwa kwenda nyumbani. Mtu amelala mzima, ameamka nusu ya mwili haimtii. Anaishije na hali hiyo? Na wale walio naye wanaishije?

Msiba usio na matanga

Kule Kaloleni nilizungumza na mgema mmoja aliyeanza kupanda minazi akiwa kijana. Asubuhi na jioni alikuwa juu ya mnazi, kotama kiunoni. Kiharusi kilimpata akiwa na miaka 46, mkono na mguu wa kulia ukapooza. Aliniambia kuwa maumivu hayakumtesa kama siku aliposikia mwanawe akiulizwa njiani, “Babako anafanya kazi gani?” na mtoto akanyamaza.

Kwa miezi kadhaa hakutoka uani wageni walipokuja. Majirani walidhani ana kiburi. Mkewe alidhani amemchukia. Kumbe alikuwa kwenye msiba. Mgema aliyekuwa akijulikana kijiji kizima alikuwa ameondoka, na hakuna aliyemwekea matanga.

Sisi tunajua kumfariji aliyefiwa. Tunaleta kuni, tunateka maji, tunakaa naye bila kumharakisha. Lakini aliyepoteza mkono wake, au kazi yake, au sauti yake, tunamwambia siku ya tatu, “Jikaze, mshukuru Mungu uko hai.” Nia ni njema, lakini maneno hayo humfunga mdomo. Kushukuru kuwa hai na kulilia kilichopotea vinaweza kukaa katika moyo mmoja. Mwache alie. Na ikiwa ni mwanamume, mwache alie vile vile.

Jueni pia kwamba kiharusi chenyewe kinaweza kumfanya mtu alie au acheke ghafla bila sababu, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayozuia hisia imeumia. Huyo hajawa mtoto wala hajarukwa na akili. Hata hasira za ghafla na uchovu usioisha kwa usingizi ni mambo ya kawaida baada ya kiharusi. Mwelezeni daktari, msigombane naye nyumbani.

Huzuni inapokuwa ugonjwa

Kuna huzuni inayopungua kadiri siku zinavyosonga, na kuna ile inayokaa. Takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupatwa na unyogovu. Dalili zake ni hizi: kwa wiki mbili au zaidi mtu hana hamu ya chochote, halali au analala kutwa, chakula hakipandi, anakataa mazoezi na dawa, anasema yeye ni mzigo na ni heri asingekuwepo.

Hali hiyo haitokani na udhaifu wa imani wala uvivu. Ni ugonjwa, na una tiba: ushauri nasaha na, inapohitajika, dawa. Asiyetibiwa hafanyi mazoezi, na asiyefanya mazoezi hapati nguvu, kwa hivyo unyogovu humrudisha nyuma mwili mzima. Mkija kliniki kupimwa presha, semeni na habari za moyo. Anayewaza kujidhuru asiachwe peke yake. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari 1199, hulipii kuipiga.

Wengine walinyamaza kwa kuogopa sheria. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Anayefikia hali hiyo ni mgonjwa wa kusaidiwa.

Maneno yanapokwama

Mamangu alipopata kiharusi alibakiwa na neno moja: “sasa”. Akitaka maji, sasa. Akiumwa, sasa. Akikasirika, sasa, kwa sauti ya juu. Mimi ninayelipwa kwa kupanga maneno nilikaa mbele ya mzazi wangu tukashindwa kuelewana kuhusu kikombe cha chai.

Siku moja tulikwenda kituo kimoja cha afya. Mhudumu akanitazama mimi, akauliza, “Huyu anaitwa nani? Anasikia?” Mama alimtazama, kisha akageuza uso ukutani. Alikuwa amesikia kila kitu. Wengi waliopoteza usemi kwa kiharusi bado wana akili zao na kumbukumbu zao. Mlango wa maneno ndio ulioharibika, na kiasi cha kuharibika hutofautiana kati ya mtu na mtu.

Tulichojifunza nyumbani ni hiki. Zima redio. Kaa mbele yake akuone uso. Sema jambo moja kwa wakati mmoja, polepole, bila kupiga kelele, maana si kiziwi. Uliza maswali ya ndiyo na la: “Unataka chai?” kisha ngoja. Kungoja ndiko kugumu. Usimmalizie sentensi kabla hajajaribu. Mwache aonyeshe kwa kidole, achore, au aimbe, kwani kuna wasioweza kusema sentensi lakini wimbo wanaoujua hutoka. Mama alianza kurudisha maneno kupitia nyimbo za kanisani. Hajarudi kama alivyokuwa, lakini leo ananigombeza vizuri tu.

Nawaomba wahudumu wetu wote, kuanzia mapokezi hadi famasia: salimieni mgonjwa kwanza, kwa jina lake na kwa heshima ya umri wake, kisha ndipo mmuulize aliyemleta.

Tusitafute mchawi

Hapa kwetu Kilifi siwezi kulipita jambo hili. Mtu akianguka ghafla na kupooza, kuna watakaosema amepigwa na upepo mbaya, au amerogwa. Saa zile za thamani zinapotelea kwa mganga. Halafu maneno yanaanza: nani alikosana naye? Nani alipita hapa jana? Na kidole huelekezwa kwa mzee mwenye mvi.

Wazee wameuawa katika kaunti hii kwa kusingiziwa uchawi, na wengine wameyakimbia mashamba yao. Familia iliyoshtuliwa na ugonjwa inatafuta sababu, na hilo ni la kibinadamu. Lakini sababu ipo, na mara nyingi inaonekana kwenye kipimo cha presha. Mhamasishaji wa afya ya jamii anaweza kukupimia nyumbani. Tangu Septemba 2023, serikali ilipozindua mpango wao kote nchini, wahamasishaji hawa wamepewa mikoba yenye vifaa vya kupimia presha na sukari. Kumpima baba mapema kunamwokoa baba, na kunaweza kumwokoa hata babu wa jirani.

Na aliyepona asiache dawa kwa sababu presha imeshuka. Imeshuka kwa sababu ya dawa. Aliyepata kiharusi mara moja yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata kingine.

Haba na haba

Ubongo una uwezo wa kujifunza upya. Sehemu zilizo nzima zinaweza kuchukua baadhi ya kazi za zile zilizoumia, lakini kwa kurudiarudia. Nafuu kubwa huja katika miezi mitatu hadi sita ya kwanza, na baada ya hapo huendelea polepole. Kwa hivyo mwaka ukipita usiseme basi.

Yule mgema alianza na kutoka kitandani hadi mlangoni. Kisha kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe. Mkewe alikuwa akiweka alama ya mkaa ukutani kila siku anapofika. Kuna siku alama haikuwepo, na hawakuifanya kesi. Siku alipofika kwenye mwembe alikaa kivulini, watu wakamwona, wakamsalimu, naye akawaitikia. Aliniambia salamu zile zilimfaa kuliko chochote alichopewa.

Hapandi tena minazi. Kotama amempa mpwa wake. Lakini asubuhi husimama chini na mkongojo wake, akamwelekeza kijana namna ya kukata kuti na kufunga kilele. Hesabu za mauzo anaandika yeye kwa mkono wa kushoto, kwa herufi kubwa zilizopinda. Bado ana siku mbaya, hakunificha hilo. Lakini mtoto akiulizwa leo babake anafanya kazi gani, ana jibu.

Walio nyumbani wampe mgonjwa kazi anayoiweza na sauti katika maamuzi. Kabla ya kuuza mbuzi, muulizeni. Kabla ya kulipa karo, mshaurini. Akiweza kufunga kifungo kwa dakika tano, msimfungie kwa sekunde tano kwa sababu mna haraka.

Mlezi naye ni mtu

Kwa mama zangu, dada zangu na wake mlioketi hapa, maana ninyi ndio wengi: nani anawauliza mmelalaje? Mlezi anamgeuza mgonjwa usiku, anamwogesha, anampikia, kisha anaenda kutafuta riziki. Akichoka husema amekasirika, halafu anajilaumu kwa kukasirika. Uchovu huo si dhambi.

Kaeni kikao cha familia mgawane siku. Aliye Mombasa au Nairobi asiyeweza kuja achangie nauli au amlipe msaidizi. Vyama vyenu vya kuchangiana viweke zamu: mwanachama mmoja akae na mgonjwa Jumamosi asubuhi, mlezi aende sokoni au alale. Na mlezi apimwe presha siku ile ile anayomleta mgonjwa.

Haki zenu

Nimalizie kwa mambo ambayo ni kazi yangu kuwakumbusha. Kwanza, hakikisheni kila mmoja nyumbani amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Unaweza kujisajili kwa simu yoyote kupitia *147#. Huduma za zahanati na vituo vya afya hugharamiwa kwa aliyesajiliwa. Ili kulazwa katika hospitali kubwa kwa bima hiyo, ni lazima mchango wako uwe umelipwa.

Pili, aliyebaki na ulemavu baada ya kiharusi ana haki ya kutathminiwa na madaktari katika hospitali za serikali zilizoidhinishwa, kisha kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Wengine huona haya kuichukua kadi ile, wakidhani ni kukubali kushindwa. Kadi hiyo ni njia ya kufikia huduma na misaada uliyowekewa na sheria, nayo haipunguzi bidii ya mazoezi yako.

Tatu, mpango wa Inua Jamii huwapa shilingi 2,000 kwa mwezi wazee wa miaka 70 na zaidi walioandikishwa, pamoja na familia zilizoandikishwa zinazotunza watu wenye ulemavu mkubwa. Muulizeni chifu au afisa wa ustawi wa jamii kuhusu uandikishaji.

Baada ya hapa wahamasishaji wetu wataketi kwenye meza zilizo chini ya mti pale nje. Mgonjwa apimwe, na aliyemleta apimwe. Mwenye jambo asiloweza kulisema mbele ya watu amwone muuguzi wa afya ya akili, yupo chumba cha mwisho upande wa kulia, na mlango atafunga.