MWUGUZI MPYA NA AFYA YAKE MWENYEWE

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama mkutanoni, na kupigwa chapa hapa kwa ombi la wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)

Ninyi wauguzi mlioingia kazini mwaka huu,

Tumeombwa tuseme nanyi juu ya jambo ambalo, likitazamwa juu juu, si letu. Sisi ni makarani. Kazi yetu ni kalamu, jalada na muhuri. Hatujapata kumdunga mtu sindano wala kumfunga kidonda. Lakini karani wa hospitali huona mambo ambayo wengine hawayaoni. Yeye humpokea mwuguzi siku ya kwanza ajapo na sanduku lake na vyeti vyake, na yeye huipokea barua yake siku aombapo kuondoka. Katikati ya siku hizo mbili tumejifunza mengi, na hayo ndiyo tunayotaka kuwaeleza leo.

Neno letu ni moja. Afya ya mwuguzi ni sehemu ya kazi yake. Si jambo la faragha la kuangaliwa akibakiwa na nafasi. Na kwa kuwa ni sehemu ya kazi, ulinzi wake hauko juu yake peke yake, bali uko juu yetu sote tulio kazini pamoja naye.

Wako wadhanio kwamba mwuguzi mwema ni yule asiyejifikiri hata kidogo. Hao hupenda kumtaja Bibi Florence Nightingale, ambaye mwaka wa 1854 alikwenda na wauguzi 38 mpaka Scutari, katika nchi ya Uturuki, kuwauguza askari wa Kiingereza waliopigana vita vya Crimea. Ni kweli kwamba alifanya kazi kubwa. Lakini wasemao hayo husahau nusu ya habari zake. Mwaka wa 1855 alishikwa na homa kali huko Crimea hata ikahofiwa kwamba atakufa, na baada ya kurudi kwao mwaka wa 1856 maradhi yalimwandama miaka mingi, akawa hufanya kazi zake nyingi akiwa chumbani mwake. Tena, katika kitabu chake juu ya uuguzi, alitia sura nzima ya kufundisha kwamba mwenye kumwangalia mgonjwa hana budi kupanga mambo ili yale ayafanyayo akiwapo yafanyike vilevile asipokuwapo. Basi hata yeye hakutaka uhai wa wagonjwa uegemee mwili wa mtu mmoja asiyelala. Kadhalika Baraza la Kimataifa la Wauguzi, ambalo lilitoa kanuni zake za maadili kwa mara ya kwanza mwaka wa 1953 na kuzisahihisha mwaka wa 2021, limeihesabu afya ya mwuguzi mwenyewe miongoni mwa mambo yampasayo kuyatunza.

Sasa tutazame mwanzo wa kazi ulivyo. Mwaka wa 1974, Bibi Marlene Kramer wa Marekani, aliyekuwa mwuguzi na mwalimu wa wauguzi, alitoa kitabu juu ya mshtuko umpatao mwuguzi mpya atokapo chuoni na kuingia wadini. Alionyesha kwamba kwanza huja furaha: nguo mpya, jina jipya, wazazi wanajivuna. Kisha huja mshtuko. Chuoni alifundishwa kumwosha mgonjwa mmoja kwa utaratibu wote na mwalimu akisimama kando. Wadini avikuta vitanda vimejaa, na wengine wamelala chini, na glavu zimekwisha, na simu yalia. Hapo hujiuliza, "Je, mimi sikufundishwa? Au sifai?" Ndugu zetu, mshtuko huo ni wa kila mahali, nao si dalili ya kutofaa. Naye Bibi Patricia Benner, wa Marekani vilevile, alieleza mwaka wa 1984 kwamba mwuguzi hupita ngazi tano tangu uchanga hata ubingwa, na kwamba mtu huhitaji kama miaka miwili au mitatu katika kazi ya namna moja ndipo aanze kuimudu barabara. Basi usijipime katika mwezi wako wa pili kwa kipimo cha dada aliyekaa wadini miaka ishirini. Muulize. Kuuliza si ujinga.

Baada ya hayo twataka kutaja mambo manne, ambayo wauguzi wazoefu wa hospitali yetu walitusaidia kuyapanga tulipokuwa tukiandika maneno haya.

La kwanza ni usingizi. Mwili wa mwanadamu una saa yake, nayo hufuata nuru ya jua. Afanyaye zamu ya usiku hupingana na saa hiyo, wala hawezi kuishinda kwa ushujaa. Aingiapo nyumbani asubuhi, na atie giza chumbani kwa pazia zito au hata kwa kanga mbili, na awaambie majirani na watoto wa nyumba kwamba mchana huo ndio usiku wake. Chai kali na kahawa anywe mwanzoni mwa zamu, si karibu na alfajiri, maana zitamkosesha usingizi baadaye. Ale chakula cha kutosha kabla ya kuingia. Na akiwa macho yanafumba, asiendeshe pikipiki wala baiskeli barabarani. Heri achelewe kufika nyumbani kuliko kurudishwa hospitali amelazwa kwenye machela.

La pili ni sindano. Hili twalisema kwa mkazo, maana lina hatari, na aibu huizidisha hatari hiyo. Sindano ikishatumika isirudishiwe kifuniko chake. Itupwe papo hapo katika kisanduku cha vitu vyenye ncha kali. Ukichomwa, osha mahali pale kwa maji yanayotiririka na sabuni, usipakamue wala usipafyonze, kisha toa habari saa ile ile. Dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI hufaa zaidi zikianzwa mapema, tena kabla ya saa 72 kupita, nazo humezwa kwa siku 28. Na kwa homa ya ini ya namna ya B iko chanjo, ambayo kwa desturi hutolewa mara tatu, ikamilishe. Mwuguzi mpya huogopa kukemewa, akafunga kidole chake kwa pamba, akanyamaza. Wahenga walisema, "Mficha maradhi kifo humwumbua." Kukemewa hupita kwa siku moja.

La tatu ni huzuni. Iko siku atakufa mgonjwa mikononi mwako, pengine mtoto, na dakika chache baadaye kengele ya kitanda kingine italia. Utakwenda, maana ndiyo kazi. Lakini huzuni ile isiyopata mahali pa kukaa hugeuka kuwa ukali kwa wagonjwa, au pombe, au kulia peke yako chooni. Mtafute mkubwa wako katika kazi, ukae naye, umweleze. Siri ya mgonjwa haiguswi kwa kufanya hivyo. Waweza kusimulia moyo wako pasipo kutaja jina la marehemu. Na ikiwa majuma yapita nawe huli, hulali, wala hukumbuki kwa nini uliipenda kazi hii, nenda ukamwone daktari kama mtu mwingine yeyote. Mwuguzi si mtu aliyeahidiwa kutougua.

La nne ni watu wa nyumbani na wa mtaani. Mara mtu avaapo sare nyeupe, mtaa mzima humfanya zahanati. Huyu abisha hodi usiku wa manane achomwe sindano, yule ataka dawa kwa mkopo, na ndugu watano wameshaugawanya mshahara ambao haujatoka. Kuwakataa wote si uungwana wetu. Kuwakubali wote ni kujiangamiza. Mjibu jirani kwa upole, "Mama, twende asubuhi hospitalini, nitakuonyesha mahali pa kuandikishwa." Na nyumbani waambie mapema kiasi utakachoweza kupeleka, ili wasijenge tumaini juu ya hesabu wasiyoijua. Heshima itabaki, nawe utapumzika.

Mabwana, hata hapa tungeweza kukoma, na wauguzi wakaenda zao wakidhani mzigo wote ni wao. Lakini tusingekuwa tumesema kweli. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani, lilipoeleza ule uchovu unaomaliza nguvu na kumfanya mtu aichukie kazi yake na kuona kwamba haiwezi tena, lilisema kwamba watokana na mkazo wa siku nyingi kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Angalieni vema: watokana na kazi, wala hautajwi kama udhaifu wa tabia. Hivyo yatupasa sisi nasi tujitazame.

Nasi tunalo la kuungama. Katika mwaka wa 2018, katika kituo tulichokuwapo, aliletwa mwuguzi mpya, binti wa mbali asiye na ndugu mjini. Alileta karatasi zake kwetu. Nakala moja ya cheti haikuwa na muhuri. Tuliiweka kando pamoja na jalada lake, tukikusudia kumwita, hatukumwita. Alikuja mara mbili kuuliza, tukamjibu kama makarani tujibuvyo, "Subiri, linashughulikiwa." Mwezi ukapita, na wa pili, na wa tatu, bila mshahara. Huku nyuma tukasikia ikisemwa kwamba ni mvivu, kwamba husinzia, kwamba amekonda kwa kuringa. Usiku mmoja alianguka wadini, na aliyemmwagia maji na kumwinua alikuwa mama aliyemwuguza mwanawe. Ndipo ikajulikana kwamba alikuwa akila mara moja kwa siku, na kwamba alikuwa akifanya zamu za usiku mfululizo kwa sababu hakujua kwamba aweza kusema neno.

Asubuhi yake msimamizi wa wauguzi alikuja afisini petu. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Karani, jalada la binti yule liko wapi?" Tulilitafuta. Lilikuwa chini ya majalada mengine, na juu yake palikuwa na sinia ya vikombe vyetu vya chai.

Alilipwa mwezi wa nne. Mwaka ule ule aliomba uhamisho, na karatasi za uhamisho wake tulizimaliza kwa siku moja. Hapo tulijua kwamba siku zote tungaliweza.

Basi, ndugu makarani, tunawaomba mambo matatu. Kwanza, mtumishi mpya afikapo, andika tarehe ya kufika kwake katika daftari, na siku hiyo hiyo mwandikie vyote vinavyopungua katika karatasi moja, si leo kimoja na kesho kingine. Pili, tunapopewa orodha ya zamu kuipiga chapa, tuisome. Tukiona jina la mgeni limewekwa usiku majuma yote, tumwulize aliyeipanga kwa adabu, maana pengine hakukusudia. Tatu, asijibiwe mtu "linashughulikiwa" na karani ambaye hajaliona jalada kwa macho yake.

Na kwa chama chetu tunatoa shauri lipigiwe kura leo: pawe na mfuko mdogo wa kumkopesha mtumishi mpya chakula na kodi ya chumba mpaka mshahara wake wa kwanza utoke, naye aulipe kidogo kidogo. Mweka Hazina atatuambia kama fedha zilizopo zatosha kuanzia. Hata zikiwa chache, tusikate tamaa. Haba na haba hujaza kibaba.

Nanyi wauguzi wapya, karibuni kazini. Laleni, kuleni, ulizeni, semeni mnapoumia. Na mshahara ukichelewa, msituamini kwa maneno. Njoni mtuulize jalada liko wapi, na mngoje hapo mlangoni mpaka tulionyeshe.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo.