Oili ya gari imwagwe lini?



Leo nataka tuzungumze juu ya swali ambalo huulizwa kila siku katika magereji yetu, na ambalo hujibiwa kwa haraka kuliko uzito wake. Swali lenyewe ni hili: oili ya injini imwagwe baada ya kilometa ngapi? Fundi wa kwanza atakuambia elfu tatu. Wa pili atasema elfu tano. Mwenye duka la spea, akiwa na galoni ya bei ya juu mkononi, atakuapia kwamba hiyo inakwenda elfu kumi bila wasiwasi. Na dereva wa teksi aliyesimama kando atacheka na kusema kwamba yeye humwaga pale mfuko unaporuhusu. Swali moja, majibu manne. Ni nani basi mkweli?

Mimi nasema kila mmoja wao anaweza kuwa mkweli, na kila mmoja anaweza kukupoteza. Sababu ni kwamba katika hao wote hakuna aliyekuuliza gari lako linafanya kazi gani.

Tuanze na oili yenyewe. Wengi wetu tunadhani kazi yake ni kulainisha tu. Kulainisha ni kweli inalainisha, lakini pia inapoza sehemu ambazo maji ya rejeta hayafiki, inaosha masizi, inaziba upenyo mwembamba baina ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, na inazuia kutu. Kwa ajili ya kazi hizo kiwanda huchanganya dawa maalumu ndani ya oili, na dawa hizo ndizo zinazokwisha kwanza. Wakati zinakwisha, uchafu nao unaongezeka: masizi, petroli isiyoungua, mvuke wa maji, na vumbi lililopenya kwenye filta ya hewa. Oili iliyoachwa kupita kiasi hugeuka ute mzito, mweusi, kama uji ulioungulia sufuriani. Ute huo huziba vijia vyembamba vya oili, na injini huanza kusagika chuma kwa chuma.

Wapo wanaochomoa kijiti cha kupimia, wakaiona oili nyeusi, wakasema imekufa. Ndugu zangu, rangi peke yake si ushahidi. Oili inayosafisha vizuri lazima ichafuke, kama vile maji ya kufulia yanavyochafuka kwa sababu nguo inatakata. Oili ya injini ya dizeli inaweza kuwa nyeusi siku chache tu baada ya kuwekwa, nayo bado ni nzima. Na nyingine inaweza kuonekana bado nyepesi na ya kahawia, kumbe dawa zake zimekwisha zamani.

Sasa hizo elfu tatu na elfu tano zilitoka wapi? Zilitoka katika zama za kabureta, injini zilipokuwa zikichafua oili upesi, na oili yenyewe ilikuwa dhaifu. Tazama mgongoni mwa galoni yoyote ya oili ya petroli utaona herufi mbili, ya kwanza ikiwa S. Ni madaraja ya Taasisi ya Petroli ya Marekani, iitwayo API kwa kifupi. Kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele katika alfabeti, ndivyo daraja lilivyo jipya na masharti yake yalivyo makali. Daraja la SF lilitoka mwaka 1980, SJ mwaka 1996, na SP mwaka 2020. Oili ya SP si ndugu wa karibu wa ile ya SF. Kwa hiyo si ajabu kwamba viwanda vya magari vimekuwa vikiongeza kilometa.

Lakini hapa ndipo penye mtego. Magari mengi tunayoendesha yametumika kwanza Japani, na kitabu chake, kama hakikutupwa bandarini, kimeandikwa kwa Kijapani. Toyota huko Japani husema kwamba gari la petroli lisilo na tabo libadilishwe oili kila kilometa 15,000 au mwaka mmoja, lolote litakalotangulia. Mtu akisikia hivyo anafurahi. Hasikii sentensi inayofuata, kwamba gari lenye kazi ngumu libadilishwe kila kilometa 7,500 au miezi sita. Na gari la petroli lenye tabo ni kilometa 5,000 au miezi sita. Likiwa na kazi ngumu, ni 2,500 au miezi mitatu.

Kazi ngumu ni ipi? Si kubeba mawe. Ni barabara mbovu na zenye vumbi, ni safari fupi fupi za mara kwa mara, ni kupanda milima sana, ni kwenda polepole na kusimama huku injini inaunguruma. Sasa niambieni, ndugu wasikilizaji, ni nani katika jiji hili asiyekuwemo katika orodha hiyo? Asubuhi tuko katika foleni, jioni tuko katika foleni, na njia ya mwisho ya kufika nyumbani ni ya vumbi. Kile Mjapani anachokiita kazi ngumu, sisi tunakiita kwenda kazini.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua gari mbili za aina moja. Moja inakwenda Dodoma na kurudi, kwa wastani wa kilometa 60 kwa saa. Itatimiza kilometa 5,000 baada ya saa 83 hivi za kuunguruma. Ya pili inatoka Mbezi kwenda Posta, na kilometa 20 zinaichukua saa mbili. Huo ni wastani wa kilometa 10 kwa saa. Itatimiza kilometa 5,000 zile zile baada ya saa 500. Mita ya kilometa inasema magari haya yamefanya kazi sawa. Saa zinasema la pili limeunguruma mara sita ya la kwanza.

Waulizeni wenye matrekta. Trekta halihesabiwi kwa kilometa, lina mita ya saa, na mengi humwagwa oili kila saa 250. Jenereta ndogo za petroli, nyingi ni kila saa 100. Sisemi kwamba saa moja ya gari lililosimama kwenye taa ni sawa na saa moja ya trekta linalolima. Trekta linabeba mzigo mzito zaidi. Ninachosema ni kwamba mita ya kilometa haijui foleni. Injini ikiwaka gari limesimama, mita imelala, lakini oili iko kazini.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Ni la riziki za watu. Si muda mrefu uliopita nilikaa barazani katika mtaa mmoja hapa mjini, wazee wakisikiliza shauri la bajaji. Kijana alikuwa ameichukua kwa mkataba: kila siku ampelekee mwenye mali fedha waliyokubaliana, na baada ya miezi 14 bajaji iwe yake. Mwezi wa 11 injini ikanoki. Mwenye mali akasema aliyeiua ni yule aliyekuwa akiiendesha. Kijana akasema mali ya mtu hutunzwa na mwenyewe. Mzee mmoja akauliza swali jepesi: oili ilimwagwa lini mara ya mwisho? Pakawa kimya.

Kijana akasema, "Mzee, mimi nilikuwa nasubiri uniambie." Mwenye mali akajibu, "Na mimi, mwanangu, nilikuwa nasubiri uniombe."

Karatasi ya mkataba ikasomwa. Ilitaja fedha za kila siku, ilitaja Jumapili, ilitaja matairi na kioo. Oili haikutajwa hata mara moja. Wazee wakaamua gharama igawanywe nusu kwa nusu, na kijana akaongezewa miezi. Miezi ile, ndugu zangu, ni ada ya shule ya mtoto, ni kodi ya chumba. Imeliwa na lita chache za oili ambazo hakuna aliyejua ni jukumu la nani.

Ndiyo maana nasema kwamba swali la kilometa ngapi lina pacha wake: nani anaamua? Kama hakuna aliyepewa jukumu, itaamua injini yenyewe, na injini haitoi taarifa ya siku saba.

Basi tufanyeje? Nitasema ninavyoona, na fundi wako mwaminifu anaweza kuongeza.

Kwanza, tafuta kile kiwanda kinachosema juu ya injini yako, siyo juu ya gari la jirani. Kama kitabu ni cha Kijapani, tafuta mtu akusomee ukurasa mmoja tu, ule wa oili. Utakuta kilometa, miezi, na namba kama 5W-30 au 0W-20. Namba hizo ni uzito wa oili. Wengi huweka 20W-50 katika kila injini kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Injini iliyoundwa kwa oili nyepesi ina vijia vyembamba, na oili nzito huchelewa kufika juu kila unapowasha asubuhi.

Pili, jiulize kazi ya gari lako. Kama ni la mjini, la foleni na vumbi, shika kile kipimo cha kazi ngumu, ambacho mara nyingi ni nusu ya kile cha kawaida. Kama oili yako ni ya kawaida, si ile ya sinthetiki, usivuke 5,000. Kama ni la safari ndefu za lami, na oili ni nzuri ya daraja jipya, huna sababu ya kumwaga kila elfu tatu. Hapo unamwaga fedha. Na kama gari linalala uani wiki nzima, usiseme halijatembea. Hesabu miezi, kwa sababu safari fupi za Jumapili kwenda kanisani na kurudi haziipashi oili joto la kutosha kukausha unyevu.

Tatu, wenye pikipiki. Injini yenu hubeba oili kama lita moja tu, na kwa pikipiki nyingi lita hiyo hiyo inahudumia injini, gia na klachi, kutwa nzima juani. Oili kidogo huchoka upesi. Tafuteni galoni yenye alama ya JASO MA, iliyotengenezwa kwa klachi inayooga ndani ya oili. Oili ya gari inaweza kuifanya klachi iteleze.

Nne, pima oili kila wiki, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa dakika chache. Injini nyingi hazifi kwa oili kuukuu. Hufa kwa kukosa oili. Injini iliyochoka inakula oili kimya kimya. IST ya injini ya 1,500 inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Ikipungua lita moja na nusu, zilizobaki zinafanya kazi ya wengine walioondoka. Na unapomwaga, badilisha filta pia. Kuweka oili mpya juu ya filta chafu ni kuoga na kurudia nguo ile ile.

Tano, nunua katika duka unalolijua, lenye risiti. Oili ya bandia haina kilometa. Hata elfu moja ni nyingi kwake. Na ukishamimina, toboa lile galoni tupu kabla ya kulitupa. Galoni zima lenye nembo nzuri ni mtaji wa mwizi, atalijaza oili chafu iliyochujwa na kukuuzia wewe huyo huyo.

Mwisho, andika. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Weka daftari dogo ndani ya gari: tarehe, kilometa, aina ya oili, na jina la aliyemwaga. Wewe mwenye daladala, teksi, bajaji au bodaboda, liandike jambo hili katika mkataba kabla ya kukabidhi funguo: oili itamwagwa siku gani, nani atalipa, na kwamba siku hiyo hesabu itapunguzwa ili dereva asiwe na sababu ya kuiruka. Dereva naye asione haya kudai sentensi hiyo iandikwe. Haimkingi bosi peke yake, inamkinga yeye pia siku ya shauri.

Kilometa ngapi, basi? Jibu liko katika vitu vitatu: kitabu cha injini yako, njia unayopita kila siku, na daftari lako. Fundi akikutajia namba bila kukuuliza habari ya njia, mshukuru, kisha umweleze njia yako.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane tena juma lijalo, wakati kama huu. Kwaherini.