Usitafute Jengo, Tafuta Wakili

Maoni yangu leo nayaelekeza kwa vijana wa sheria wanaoishi katika mitaa ya Nairobi ya Mountain View, Kangemi na Uthiru, wale wanaogawana kodi ya nyumba wawili wawili huku wakituma barua za maombi kila uchao. Miaka minne ya chuo kikuu wameimaliza. Kule Karen, katika Kenya School of Law, wamepita au wanakaribia kumaliza. Kilichobaki ni uanagenzi, miezi sita chini ya wakili, ambayo wenyewe huiita pupileji. Bila miezi hiyo Jaji Mkuu hakuapishi, na jina lako haliingii katika orodha ya mawakili wa Kenya.

Wengi wao wanaomba vibaya. Sheria wanaijua vizuri, ila wanaomba majengo. Anaandika orodha ya ghorofa za Westlands, Riverside na Upper Hill, anatunga barua moja, anaipeleka kote, na juu yake ameandika "Kwa Anayehusika". Kisha analalamika kwamba hajajibiwa. Atajibiwa na nani, ikiwa hakumwandikia mtu?

Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, haikuweki chini ya jengo. Inakuweka chini ya mtu. Wakili atakayekulea lazima awe amehudumu kwa miaka isiyopungua mitano, na awe na cheti halali cha kuhudumu. Cheti hicho hufikia mwisho wake tarehe 31 Desemba kila mwaka. Kwa hiyo kabla hujaandika neno moja, ingia kwenye mtandao wa Chama cha Mawakili, LSK, utafute jina lake. Ukiona hayuko sawa, achana naye, hata kama kiyoyozi cha ofisi yake kinavuma vizuri. Ukimaliza miezi sita chini ya mtu asiyestahili kukulea, unaweza kuambiwa uanze upya.

Ukishajua anastahili, jua anafanya kazi gani. Hapa pana njia ambayo haigharimu kitu na ambayo wengi hawaitumii. Mtandao wa Kenya Law huchapisha hukumu za mahakama zetu bila malipo, na hukumu nyingi hutaja mawakili waliofika kwa kila upande. Tafuta jina la huyo wakili, usome kesi zake mbili au tatu. Utajua kama anashinda katika mahakama za Milimani akipigania wafanyakazi waliofutwa, au anahangaika na mashamba ya urithi, au hata haonekani mahakamani kwa sababu kazi yake ni mikataba ya benki. Sasa una la kuandika. Badala ya kusema unaipenda ofisi yake yenye sifa tele, utasema umesoma hoja aliyoitoa katika kesi fulani na ungependa kujifunza kazi ya aina hiyo. Barua iwe ukurasa mmoja. Wasifu uwe kurasa mbili. Jina lake uliandike bila kosa, maana asiyeweza kunakili jina la mtu hawezi kuaminiwa na hati ya kiapo.

Ukiombwa sampuli ya maandishi yako, chukua tahadhari. Kuna vijana wanaoambatisha hati walizoandaa walipokuwa kwenye mafunzo ya mahakamani au katika ofisi nyingine, majina ya wateja yakiwa pale pale. Wanadhani wanaonyesha uzoefu. Wanachoonyesha ni kwamba siri ya mteja haikai kwao. Futa kila kinachomtambulisha mtu, au andika kitu kipya kabisa.

Tuje kwenye mahojiano. Utaulizwa kesi uliyoisoma karibuni. Chukulia umetaja ya Muruatetu, ya mwaka 2017. Kila mtu atasema kwamba Mahakama ya Juu ilitangaza hukumu ya kifo ya lazima kuwa kinyume cha katiba. Usiishie hapo. Eleza kwamba mwaka 2021 mahakama hiyo hiyo ilifafanua kwamba uamuzi ule ulihusu kosa la mauaji peke yake, baada ya mahakama za chini kuanza kuutumia kwa makosa mengine. Hapo jopo litajua kwamba wewe hufuata jambo hadi mwisho wake. Usipolijua jibu, sema hulijui, kisha eleza ungeanzia wapi kulitafuta. Mawakili huwauliza mashahidi maswali kila siku. Anayebabaisha humnusa mapema.

Huenda pia ukapewa nusu saa uandike barua ya madai: mteja anadai fedha zake, mdaiwa anamzungusha. Hawapimi Kilatini chako. Wanataka kuona kama umesema nani anadai, kiasi gani, kwa msingi gani, alipe lini, na asipolipa nini kitafuata. Na kama unakimudu Kiswahili, usikifiche. Katika mahakama za mahakimu Kiswahili ni lugha halali, na wateja wengi watakaoingia hapo watajieleza kwa Kiswahili. Mwanagenzi anayeweza kumsikiliza mama wa Kangemi, akapanga maelezo yake kwa tarehe, amempunguzia mkubwa wake kazi ya saa nzima.

Kisha itafika zamu yako ya kuuliza. Usiseme huna swali. Uliza: nitakaa chini ya nani hasa? Nitaenda naye mahakamani mara ngapi? Nani atazisahihisha hati nitakazoandika? Tangu Julai 2020 kesi za Nairobi huwasilishwa kwa mtandao, na tangu 2021 shughuli za ardhi za jiji hili zilianza kuhamishiwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Ardhisasa. Kukimbiza mafaili kwenye masjala kumepungua. Ofisi ambayo bado haina kingine cha kumpa mwanagenzi ila kukimbiza makaratasi na kuagiza chai haijapanga kumfundisha. Na uliza kuhusu malipo, kwa adabu na bila aibu. Ofisi nyingine hulipa vizuri, nyingine hutoa nauli tu, nyingine hazitoi hata hiyo. Ni bora ujue kabla ya siku ya kwanza.

Mambo mawili hayana mjadala. Ukiombwa pesa ili upewe nafasi, hapo hapana nafasi. Na mahojiano ni ya ofisini, mchana, watu wakiwepo. Wakili anayekuita hotelini usiku kuzungumzia maombi yako hana nia ya kukufundisha sheria. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamtambua mwenye mamlaka anayemsumbua mtu aliye chini yake, na LSK ina mlango wa kupeleka malalamiko. Ofisi zake ziko Gitanga Road, Lavington, safari fupi kutoka Mountain View.

Nina neno pia kuhusu njia. Asubuhi, Waiyaki Way yote huelekea mjini, na vijana wetu huelekea huko huko. Lakini barabara hiyo hiyo, ukiifuata upande wa pili, inakufikisha Kikuyu. Kuna mahakama pale, na kuna mawakili wenye kesi za ardhi, mirathi na jinai. Katika ofisi ya mawakili wawili huko, mwanagenzi huweza kukaa na mteja wiki ya kwanza. Katika ofisi kubwa ya mjini anaweza kukaa miezi akirekebisha nambari za kurasa. Sisemi kubwa ni mbaya. Anayetaka mikataba ya mabilioni ataikuta huko huko. Nasema chagua kwa kazi unayotaka kuijua. Wala usizisahau ofisi za umma: ya Mwanasheria Mkuu pale Sheria House, ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na mashirika ya msaada wa kisheria kama Kituo cha Sheria, kilichoanza kuwatetea wasio na uwezo mwaka 1973.

Sasa niwageukie mawakili wenyewe, kwani mzigo huu si wa vijana peke yao. Kijana anayetoka Mountain View kwenda Milimani hupanda gari hadi mjini, kisha jingine hadi mahakamani, na jioni hurudi hivyo hivyo, siku tano kwa wiki, miezi sita. Mkimwambia analipwa kwa uzoefu, mnajua nani atakayebaki? Atabaki yule ambaye nyumbani kwao wanaweza kumlisha. Mwenzake, pengine mwenye akili kumshinda, atatafuta kibarua. Baadaye mtakaa kwenye makongamano mkiulizana kwa nini taaluma hii imejaa watoto wa mawakili.

Tangazeni nafasi hadharani, na mseme mtalipa kiasi gani. Mwombaji mliyemwita kwenye mahojiano mkaamua kutomchukua, mwandikieni. Ni sentensi mbili tu. Na kama ofisi haiwezi kumpa mwanagenzi nauli na chakula cha mchana, isimchukue. Anayemtumikisha mtu bure kutwa, kisha akasimama kortini kudai haki ya mfanyakazi aliyedhulumiwa, ajiulize hakimu angesema nini kama mwanagenzi wake ndiye angekuwa mlalamishi.

Hayo ndiyo maoni yangu.